Mwaka Ugonjwa Ulipotulia

Idrisa alikuja kwenye hitma ya arobaini ya mama. Sikumtambua mara moja. Niliona mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe, kofia ameishika mkononi, amesimama mlangoni mwa sebule yetu ya Mchafukoge akingoja mtu amkaribishe, kana kwamba hajawahi kuingia humo. Alikuwa mume wa dada yangu Zuwena kwa muda ambao haukutimia hata mwaka. Tulipomzika Zuwena alihamia Tanga, akaoa, akapata watoto, na habari zake tukawa tunazipata kwa watu. Wanaume walipomaliza kusoma na kula, alinifuata jikoni nilikokuwa nikiwafungia majirani pilau ya kuondoka nayo, akanipa pole kwa mara ya pili, kisha akabaki amesimama. Alikuwa ameketi karibu na mzee mmoja wa jengo la pili, na mzee yule alikuwa akisimulia jinsi mama alivyozoea kuwaambia watu kwamba binti yake mkubwa aliumwa sana, akapona kabisa, akaolewa, halafu baadaye akapata ugonjwa mwingine uliomuua. "Shemeji," Idrisa akasema, "mama aliamini hivyo mpaka mwisho?" Nikamjibu kwamba ndiyo, mpaka mwisho. Akainamisha uso, akaipapasa ile kofia. "Hata mimi sikutaka kumtoa huko," akasema. Tangu siku hiyo mwaka ule umekuwa ukinijia nikiwa nafanya mambo mengine kabisa, nachambua mchele au nasubiri chai ichemke, na nimeona heri niuandike kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nasubiri kujua nitafanya nini na maisha yangu. Zuwena alinizidi miaka minne. Uvimbe wa shingoni aliugundua fundi wa nguo wa Kariakoo, alipokuwa akimpima gauni akaona kola ya upande mmoja haikai. Tulidhani ni mtoki wa kawaida, tukaukanda kwa maji ya moto. Ilipokuja kujulikana kwamba ni saratani ya tezi, ulikuwa umeshapata ndugu zake kwapani na kifuani. Miezi ya dripu sitaisimulia yote. Nakumbuka zaidi chumba chetu, vitanda viwili vilivyotenganishwa na meza ya kushonea, dirisha likitazama ukuta wa ghorofa la jirani, na ndoo ya bluu iliyokaa chini ya kitanda chake. Kila chakula alisema kina ladha ya msumari. Mama alipika kila alichokijua, supu ya kuku, uji wa mtama, mkate wa kumimina uliopanda vizuri mpaka majirani wakauomba, na Zuwena alikuwa akionja kwa heshima, kisha ananiomba kwa macho nimmalizie. Kitu pekee kilichokubali kukaa tumboni mwake ni barafu za ubuyu, zile za kwenye vimfuko vya nailoni, nilizokuwa nikiteremka kumnunulia kwa mama mmoja aliyeuzia kwenye kona yetu. Nywele zilipotoka alijifunga mtandio hata akiwa ndani, hata akiwa na mimi peke yangu.

Siku tuliyoitwa kusikia majibu tulienda wote wanne, baba akafunga duka lake la vitambaa asubuhi jambo ambalo hakuwa akilifanya. Daktari alikuwa mama wa makamo, anaongea taratibu, hana mbwembwe. Alituonyesha picha za kifua, ya kwanza na ya mwisho, akasema kwenye hii ya mwisho haoni kitu, na hata akipapasa shingoni vidole vyake havigusi kitu. "Ugonjwa umetulia," akasema. Mama akalia. Alizunguka meza akamkumbatia daktari, akambusu mikono, akimwita mwanangu. Daktari aliendelea kusema mambo, kwamba Zuwena atarudi kliniki kila baada ya muda, kwamba akiona homa au jasho la usiku asikae nalo nyumbani, lakini mama alikuwa hasikii tena na baba alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Tulipotoka hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Mama alitaka tupitie Kariakoo, akanunua mchele, nyama, vitunguu na zafarani, na kila muuzaji aliyemuuliza ana shughuli gani alimjibu kwamba mwanawe amepona. Nilikuwa nyuma yake na vikapu. Zuwena alikuwa ameshika mkono wangu, na mara ya kwanza mama aliposema neno lile mkono wake ulinibana kidogo. Mara zilizofuata haukufanya kitu.

Wiki ile nyumba ilijaa. Palisomwa maulidi, pakaliwa biriani mpaka kwenye ngazi, na wanawake ambao kwa miezi walikuwa wakimpigia mama simu ya dukani bila kuja walikuja sasa na udi na vitambaa. Zuwena aliketi katikati yao amevaa gauni la kijani, anatabasamu, anapokea. Walipoondoka alilala chali kitandani akaniambia nifunge mlango. Akanieleza kwamba siku ile hospitalini, sisi tulipokuwa tumetangulia kutoka, alirudi ndani akamuuliza daktari swali moja tu, kama amepona. Daktari alimkalisha. Alimwambia kwamba kutulia maana yake ni kwamba kwa macho yetu na vipimo vyetu hatuuoni ugonjwa, lakini kutouona si ushahidi kwamba haupo. Huenda umekwisha, huenda pamebaki mabaki madogo mno mahali fulani yakisubiri. Neno kupona yeye hulitunza, hulitoa miaka ikishapita bila ugonjwa kurudi. "Nikamuuliza sasa mimi niishi vipi," Zuwena akaniambia. "Akasema hilo hawezi kuliandikia dawa." Nilimkasirikia yule daktari. Niliona ametupa zawadi kisha ameidai nusu yake. Nikamuuliza dada kama atamwambia mama, akasema mama amekonda kuliko yeye mgonjwa, amwache ale.

Siku hizi, nikimsikia mtu akisema redioni kwamba saratani fulani sasa inatibika, huwa naacha kazi nisikilize. Najua sasa kwamba kuna walioumwa kama Zuwena ugonjwa ukatulia usirudi tena, wakazeeka, wakausahau, na hao ndio ambao mtu ana haki ya kusema wamepona. Najua pia kwamba siku ile ya majibu hakuna aliyeweza kujua Zuwena ni wa kundi gani, si daktari wala picha zake. Hilo ndilo nililoshindwa kulielewa nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani daktari anajua, anatuficha.

Idrisa alikuwa ameshamposa Zuwena kabla ya uvimbe kuonekana. Alikuwa kijana mpole wa Gerezani, anauza spea za magari kwenye duka la mjomba wake, na muda wote wa dripu alikuwa akileta matunda, anayaacha kwa baba dukani, anauliza hali, anaondoka. Haikuwa desturi apande juu. Zuwena alipopata nafuu mama yake Idrisa alikuja kututembelea, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya chini, na mimi nikiwa ukumbini na sinia la kahawa nilisikia mazungumzo yao kabla sijaingia. Alisema wao kama wazazi wana wajibu wa kuuliza, asichukuliwe vibaya, kijana wake ni mmoja tu. Kisha mama yangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeapa, "Amepona kabisa. Hana kitu tena. Daktari mwenyewe kasema." Niliingia na sinia langu, nikamimina kahawa, nikapita na halua, na hakuna aliyenitazama. Zuwena alikuwa chumbani upande wa pili wa ukuta. Niliporudi nilimkuta amekaa kitako juu ya meza ya kushonea, miguu inaning'inia, na nilijua amesikia kila kitu.

Baada ya siku chache aliniomba nimsindikize Feri kununua samaki. Mama alifurahi kumwona anataka kutoka. Tulipofika hakwenda kwenye samaki. Aliwapita moja kwa moja wakaangaji na mabeseni yao mpaka upande wa Magogoni, watu wanakosubiri pantoni ya Kigamboni, na pale kwenye benchi la saruji alikuwa ameketi Idrisa. Zuwena alikuwa amempigia simu dukani kwao. Nilitaka nikae mbali, Zuwena akanizuia, akasema anataka awepo mtu wa kukumbuka kilichosemwa. Basi nakikumbuka. Hakuzunguka. Alimwambia daktari hakusema amepona, amesema umetulia. "Unaweza kurudi mwaka huu," akasema. "Unaweza kurudi tuna wajukuu. Unaweza usirudi. Hakuna anayejua, Idrisa, wala mimi sijui." Idrisa alimuuliza kama ukirudi kuna dawa nyingine. Akamjibu ipo, lakini kwa alivyoelewa yeye mara ya pili huwa ni kazi ngumu zaidi. Akamuuliza kuhusu watoto, akamwambia huenda dawa zimeshaharibu huko, huenda hazikuharibu, nalo hawezi kumwahidi. Pantoni ikateremsha watu, wakatupita na baiskeli zao na makreti ya soda, ikapakia wengine. Mwishowe Idrisa akasema mama yake ameambiwa vingine. "Mama zetu waache na yao," Zuwena akajibu. "Mimi nakwambia wewe kwa sababu wewe ndiye utakayeamka na mimi." Idrisa akaomba apewe muda wa kufikiri. Zuwena akasema ndiyo maana amemwita, afikiri, na akisema hapana hakuna atakayemlaumu, yeye mwenyewe ndiye atakayewaambia wazazi kwamba ameghairi. Tulinunua changu tukarudi nyumbani, na njia nzima alizungumza habari za bei ya samaki.

Idrisa hakuonekana. Matunda hayakuja. Baba aliuliza mara moja kama kijana ana safari, na Zuwena akajibu huenda. Alirudia kushona, akashona mapazia ya sebule nzima, akayafumua akidai hayakunyooka, akayashona tena. Nilimchukia Idrisa kwa siku zile kwa nguvu zangu zote za ujana. Leo nikizifikiria namwona kijana wa miaka ishirini na saba aliyeambiwa ukweli mzito benchini, akaenda nao peke yake, asiweze kumwomba ushauri hata mama yake bila kuvunja siri ya Zuwena. Hatimaye hakuja yeye, alikuja mjomba wake kuzungumza na baba. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya Ramadhani. Kijana anaomba, mjomba akasema, iwe kabla, mwezi huu huu ikiwezekana, wala hataki makuu. Mama alishika kidevu kwa furaha, akatugeukia sisi mabinti na kusema tunaona, mtu akishapona Mungu humfungulia milango yote. Zuwena alienda chumbani, akajilaza kifudifudi, mabega yakawa yanatikisika. Nilipomgusa niliona anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikalala juu yake kama tulivyokuwa tukifanya utotoni mpaka akaniambia nimemwumiza.

Walipanga chumba na sebule nyumba ya uani Mtaa wa Mafia, wakichangia bomba na jiko la nje na familia nyingine. Nilikuwa huko karibu kila siku, mpaka mama akanigombeza niwaache maharusi. Dada yangu, aliyekulia kwa mama anayepika vile, alikuwa mpishi mbaya. Wali wake ulikuwa bokoboko na maharage yake yaliliwa yakiwa magumu, na Idrisa alikula akimsifu kwa uso mkavu mpaka sote watatu tukashindwa kujizuia. Nywele zake ziliota upya, laini, zenye mawimbi ambayo hazikuwa nayo kwanza, na akaacha kujifunga mtandio ndani. Walikuwa na ugomvi wa kawaida, wa redio na wa nani amesahau kufunga mlango. Wiki ya kliniki tu ndiyo iliyowabadilisha. Siku kadhaa kabla, Zuwena alipungua maneno, alijipapasa shingo bila kujijua, na Idrisa alimshika mkono ule taratibu akauteremsha. Wakirudi na majibu mazuri walinunua chipsi kuku wakala barazani na majirani. Aliniambia siku moja kwamba watu hudhani mtu wa namna yake anaishi akisubiri kifo. "Sisubiri kitu," akasema akimenya ndizi. "Nikiwa kliniki naumwa. Nikitoka, mimi ni mke wa mtu, nina maharage motoni." Nadhani huo ulikuwa wakati wa furaha kuliko wote niliouona maishani, wa mtu yeyote, na mimi sikuujua hivyo nilipokuwa ndani yake. Nilidhani ndiyo kwanza unaanza.

Kulikuwa na utani uani pale kuhusu shuka. Wanawake wa nyumba ile walimtania Zuwena kwamba kila asubuhi anafua shuka, bwana harusi hamwachi apumzike. Mwanzoni nilicheka nao. Kisha asubuhi moja nilifika mapema nikamkuta anaanika, shuka mbili na gauni la kulalia na hata foronya, na akinyoosha mikono niliona mifupa ya mabega ilivyojitokeza. Alikuwa akijikuna mikono na shingo, alama za kucha zimejaa. Wale wanawake walikuwa wameanza utani wao na yeye akiwajibu kwa mzaha, lakini macho yetu yalipokutana aliacha kutabasamu. Tuliingia ndani. Kabla sijauliza akasema mwenyewe, "Umerudi, Nasra." Alikuwa akilowa jasho kila usiku kwa muda sasa. Idrisa alijua, ndiye aliyekuwa akigeuza godoro. Walikuwa wamekubaliana kwenda hospitali baada ya Idi, waimalize Ramadhani kama watu wengine. Alinikalisha chini akanipa uji uliobaki wa daku, kwa sababu mimi sikuwa nafunga siku zile, na nikaunywa huku nalia na yeye akinitazama ninavyokunywa.

Mama alipoambiwa alikataa. Hakupiga kelele, alikataa tu kama mtu anavyokataa bidhaa. Alisema huu ni ugonjwa mwingine, huenda ni malaria ya muda mrefu, huenda ni mimba. Tulipokaa tena mbele ya daktari yule, na picha mpya ikiwa imejaa vivuli, mama alimwambia kwa adabu kubwa kwamba yeye ndiye aliyesema mtoto amepona. "Mama, nilisema umetulia," daktari akajibu. Mama akamtazama. "Mtoto amekula, amelala, nywele zimeota, ameolewa," akasema. "Kwangu mimi huko ndiko kupona. Nyinyi mna kwingine?" Daktari hakumbishia. Alivuta kiti chake akakaa upande wetu wa meza, akaeleza kwamba watajaribu dawa nyingine, kali zaidi, na kwamba mara hii hawezi kuahidi hata kutulia.

Haukutulia. Zuwena alirudishwa Mchafukoge kwa sababu kwetu kulikuwa karibu zaidi na hospitali kuliko uani kwao, na kwa sababu mama hakutaka kusikia vingine. Alirudi kwenye kitanda chake, na Idrisa alilala sebuleni. Baada ya muda daktari aliwaambia baba na Idrisa kwamba dawa zinamchosha bila kuupunguza ugonjwa, na kuanzia hapo kazi yao ni kuhakikisha haumii. Zuwena alikwisha kujua. Alinituma nimwambie daktari ahsante, hasa kwa kumwambia ukweli mara ile ya kwanza. Nilimuuliza siku moja, wengine wakiwa hawapo, kama anajuta kuolewa. Alifikiri kweli, hakunijibu haraka kunifurahisha. Alisema anajuta jambo moja, kwamba Idrisa ataachwa, na hilo lingekuwa hivyo hivyo kama wangeachana wakiwa wazee. Kisha akaniomba nimgeuze, mgongo ulikuwa unamuuma.

Alifariki Ijumaa mchana. Maduka ya mtaa wetu yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya swala, wanaume wote wamekwenda msikitini, na barabara ilikuwa kimya kiasi kwamba khutba ilisikika ndani ya chumba kutoka kwenye vipaza sauti. Mama alikuwa amemwegemeza kifuani anamnywesha maji kwa kijiko, na maji yakawa hayaendi. Nilimsikia mama akimtamkia shahada sikioni, taratibu, mara nyingi, kama anavyofundishwa mtoto. Kisha akamlaza, akamfumba macho kwa vidole vyake, akamfunga kidevu kwa mtandio wake mwenyewe. Akaenda jikoni akazima jiko, kwa sababu kulikuwa na ndizi za nazi motoni. Akakaa chini sakafuni pale pale jikoni, miguu ameinyoosha, akanitazama na kusema niende mlangoni, swala imekwisha, wasiingie ghafla.

Nilisimama mlangoni juu ya ngazi. Chini mtaa ulianza kuamka, milango ya chuma ikifunguliwa, watu wakipeana salamu. Nikasikia ndala za baba, kisha sauti ya Idrisa. Walikuwa wanazungumza. Baba alikuwa akimweleza kwamba kuna kitambaa chepesi cha pamba kimeingia dukani, kizuri kwa mgonjwa, hakishiki joto, na Idrisa akamwambia atamshonea gauni la kulalia, Zuwena atamwelekeza mshono. Baba akacheka kidogo. Walikuwa wanapanda polepole, baba akisimama kwenye kila kituo kupumzika, na Idrisa akimngoja. Ningeweza kuwaita. Nilishika ukingo wa ngazi, nikanyamaza, nikawaacha wapande mpaka juu.